Virukanjia Wawili, Sauti Mbili

 

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu ndege wawili ambao watu wa kisiwa hiki cha Unguja huwasikia mara nyingi na kuwaona kwa nadra. Ukiwaona, huwa ni kwa nukta chache tu. Gari inatoka Tunguu usiku kuelekea Kitogani, taa zinamulika lami, na mbele njiani panang'aa vitone viwili vyekundu. Kisha kitu kinanyanyuka bila ya kishindo na kupotea gizani. Dereva anasema ni bundi. Abiria wa nyuma anasema ni popo. Mwengine hasemi kitu, anasoma dua moyoni. Na gari inakwenda zake.

Ndege yule ni kirukanjia. Na tunapomwita kirukanjia bila ya kuongeza neno, tunawachanganya ndege wawili tofauti, kwa sababu Unguja ina virukanjia wa aina mbili wanaoishi hapa. Mmoja ana ukosi wa rangi ya kutu shingoni, na leo nitamwita kirukanjia wa shingo nyekundu. Wataalamu wanamjua kwa jina la Caprimulgus pectoralis, alilopewa na Mfaransa Cuvier tangu mwaka 1816. Wa pili ana mkia uliokatika sawasawa nchani, nitamwita kirukanjia wa mkia mraba. Huyu ni Caprimulgus fossii, na aliandikwa vitabuni mwaka 1857 kutokana na ndege aliyepatikana Gaboni, mbali kabisa na sisi, upande wa pili wa bara la Afrika.

Kwa macho wanafanana mno. Urefu wao ni ule ule, sentimita 23 mpaka 25, na uzito wao ni kama gramu 50 au 60. Wote wana rangi ya majani makavu na maganda ya mti: kijivu, hudhurungi, weusi kidogo, na madoa ya rangi ya mchanga yaliyotawanyika mwilini. Mchana wanalala chini, macho yamefumbwa mpaka yamebaki mistari miwili myembamba, na unaweza kuwa umesimama hatua mbili kutoka kwa mmoja wao usimwone. Haondoki mpaka mguu wako umkaribie kabisa. Silaha yake ya mchana ni kutotikisika, na anaiamini.

Usiku ndio anabadilika. Mdomo wake ukiutazama kwa nje ni mdogo, lakini akiufunua, kinywa kinatanuka mpaka nyuma ya macho. Pembeni mwa kinywa zimeota nywele ngumu. Macho yake ni makubwa, na nyuma yake mna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana taa ya gari ikimpiga tunaona ule wekundu. Mwanga mdogo wa nyota unapita mara mbili ndani ya jicho lile, na kwa hivyo anaona nondo pale ambapo mimi na wewe tunaona giza tupu. Nondo, mbawakawa, panzi wa usiku, na kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua, hicho ndicho chakula chake. Hali mbegu, hali matunda, hali vifaranga vya mtu. Mabawa yana manyoya laini, kwa hivyo huruka kimya kimya, na kimya hicho ndicho kilichomtia katika hesabu ya mambo ya kuogofya.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo wawili hawa wanapoachana.

Kirukanjia wa shingo nyekundu anapiga mbinja. Ni mbinja safi, ya huzuni kidogo, yenye sehemu mbili: kwanza anapandisha na kushusha noti ndefu, kisha anamalizia kwa noti fupi fupi zinazotetemeka na kuteremka. Nikijaribu kuiandika inakuwa hivi: piii-yuu, ti-ri-ri-ri-ri. Anatulia kidogo, kisha anarudia, na anaweza kurudia hivyo kwa muda mrefu sana usiku wa mbalamwezi. Kusini mwa Afrika, Wakristo wanaosema Kiingereza wamesikia ndani ya mbinja hiyo maneno ya sala, ya kumwomba Mola awaokoe. Wimbo wake una mahali pa kuanza na mahali pa kuishia, na kati ya mstari na mstari kuna pumzi.

Kirukanjia wa mkia mraba hana mbinja. Yeye anakereza. Krrrrrrrrr, mfululizo, bila ya kituo, dakika nzima na zaidi, na ghafla sauti inapanda kasi au inashuka, halafu inaendelea kama kwanza. Ni pikipiki iliyosimamishwa mbali huku mtu anachezea moto wake, anaongeza, anapunguza, lakini haizimi. Watu wengi wakiisikia wanadhani ni chura, au ni mdudu wa mitini, na sishangai hata kidogo, maana kama hukuambiwa kwamba ndege anaweza kutoa sauti ile, huwezi kumfikiria ndege.

Kwa hivyo, msikilizaji, ikiwa umekaa barazani baada ya kuswali Magharibi, ukasikia mbinja inayotetemeka kutoka kwenye miti, huyo ni wa shingo nyekundu. Ukisikia mkerezo usiokatika kutoka ardhini, kwenye uwazi, huyo ni wa mkia mraba. Wakati mzuri wa kuwasikiliza ni baina ya Magharibi na Isha, na tena kabla ya Alfajiri. Waadhini na wavuvi wanaoondoka na maji ya usiku wamewasikia ndege hawa kuliko mtaalamu yeyote aliyewahi kuja na darubini, na ingefaa sana wale wanaoandika habari za ndege wetu wakawaulize wao.

Nimesema kutoka kwenye miti, na kutoka ardhini kwenye uwazi. Maneno haya msiyapite haraka, kwa sababu tofauti ya sauti inakwenda pamoja na tofauti ya makazi, na hili kwangu ndilo jambo kubwa kuliko manyoya.

Wa shingo nyekundu anataka miti. Hatafuti lazima msitu mzito kama wa Jozani ndani kabisa. Anapenda ukingo wa msitu, kichaka kilichokomaa, na mashamba ya zamani yenye miembe, minazi na mikarafuu mikubwa ambayo chini yake majani yameanguka na hayakufagiliwa. Anakaa juu ya tawi, anatazama, akimwona nondo anamrukia, anamnasa, na anarudi palepale au jirani yake. Mchana analala juu ya majani makavu chini ya mti, na mayai yake anayaweka juu ya majani hayo hayo. Ukifyeka chini ya miti mpaka ardhi ikawa nyeupe, miti imebaki lakini nyumba yake imeondoka.

Wa mkia mraba anapenda pawazi. Mchanga, majani mafupi, makonde yaliyolimwa yakaachwa, vichaka vya chini vilivyoachana, pembezoni mwa njia. Yeye huwinda zaidi kwa kuruka chini chini, au kwa kukaa ardhini na kutazama juu. Hebu fikiri kidogo kwa nini anapenda barabara. Akiwa ardhini akatazama juu, mbingu hata usiku ina mwanga kuliko ardhi, na mdudu anayepita anaonekana mweusi dhidi ya mbingu. Barabara haina majani ya kumziba. Tena lami imekunywa jua kutwa, na baada ya Magharibi bado ina joto. Kwa hivyo yule tunayemkuta mbele ya gari mara nyingi ni huyu wa mkia mraba, ingawa mwenzake naye hujitokeza njiani pale barabara inapopita katikati ya miti.

Mwenye kukijua kisiwa chetu ataona mara moja kwamba maumbile yameshaugawa uwanja baina yao. Upande wa magharibi, kuanzia Bumbwini na Mangapwani kuteremka mpaka Kizimbani, Dole na Kidichi, ardhi ni ya kina na miti ni mirefu. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, ardhi nyembamba juu ya jiwe la matumbawe, vichaka na makonde ya kuhamahama, mpaka unafika pwani ya Paje, Jambiani na Makunduchi. Sisemi kwamba kuna ukuta katikati. Kichaka cha maweni kikiachwa miaka mingi kinakuwa msitu, na shamba la karafuu likikatwa linakuwa uwanda. Ndege hawa wawili wanafuata mabadiliko hayo, na mtu mwenye masikio mazuri anaweza kukaa kijijini mwake akajua kwa sauti tu kama miti inapungua au inarudi.

Walioko Mji Mkongwe watauliza: na sisi je? Katikati ya vichochoro, baina ya majumba, pale ambapo usiku kuna redio, pikipiki na feni, si mahali pa kuwatarajia. Lakini si mbali. Masingini, juu ya Bububu, ni msitu unaohifadhi chemchemi za maji yanayonywewa Mjini, na kwa anayetaka kumsikiliza ndege wa miti, safari ya huko si ya kupoteza siku.

Kwa wale wasioridhika mpaka waone kwa macho, alama zipo. Akiruka mbele ya taa, tazama mkia. Dume la shingo nyekundu lina weupe kwenye pembe mbili za nchani mwa mkia, weupe mpana lakini umeishia nchani tu. Dume la mkia mraba lina weupe unaoshuka ukingo mzima wa mkia, toka juu mpaka chini, kila upande mstari mmoja. Kwenye bawa lake pia kuna mistari myeupe inayoonekana akiwa ametulia. Majike yanasumbua zaidi, kwa sababu mahali pa weupe mara nyingi pana rangi ya mchanga. Na ukosi wa shingo, ule unaompa wa kwanza sifa yake, mwenzake naye anao kidogo, uliofifia, kwa hivyo anayetegemea shingo peke yake atapotea. Katika miezi ya kaskazi jambo linazidi kuwa gumu, kwa sababu Afrika Mashariki hupokea kirukanjia wa tatu, mgeni kutoka Ulaya na Asia, aliyekimbia baridi ya kwao. Huyo kwa kawaida huku haimbi, na ni mkubwa kidogo kuliko wenyeji. Ndiyo maana nashikilia kwamba masikio yatangulie.

Kuna swali zuri ambalo kijana wa skuli anaweza kuuliza: ikiwa Unguja ni kisiwa, mbona ndege hawa wapo Bara vilevile, hawakugeuka kuwa wa kwetu peke yetu? Jibu liko chini ya maji. Mkondo baina ya Unguja na Bara ni wa kina kifupi, haufiki mita 100. Zama za barafu kuu, miaka kama 20,000 iliyopita, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko leo. Wakati huo Unguja ilikuwa kipande cha pwani ya Afrika, na wanyama walipita kwa miguu. Bahari ilipopanda tena ndipo tulipokatwa, na kwa umri wa viumbe hiyo ni juzi tu. Tena kilomita 35 hivi za maji hazimzuii sana ndege mwenye mabawa.

Pemba ni habari nyengine. Mkondo wake una kina kinachopita mita 700, na hata bahari iliposhuka Pemba ilibaki kisiwa. Ndiyo maana Pemba ina bundi wake mdogo asiyepatikana popote pengine duniani. Bundi huyo naye ni mla wadudu wa usiku. Alitangazwa mwaka 1937 na Pakenham, Mwingereza aliyekuwa afisa wa serikali hapa Zanzibar, ambaye baadaye, mwaka 1979, alichapisha orodha ya ndege wa Unguja na Pemba. Kwa muda mrefu wataalamu wengine walimhesabu bundi yule kuwa tawi tu la bundi mdogo wa Bukini. Aliyemtetea ni sauti yake mwenyewe: bundi wa Pemba hulia mlio mmoja mmoja tofauti na yule wa Bukini, na sasa anahesabiwa kuwa aina kamili. Nimemtaja kwa sababu kesi yake inafanana na ya virukanjia wetu. Gizani macho ya wataalamu hushindwa vilevile, na wao pia wamelazimika kusikiliza.

Nakuja kwenye uzazi, na hapa naomba wasikilizaji wangu wanivumilie kidogo kwa sababu ni jambo linalonipendeza mno. Kirukanjia hajengi tundu. Jike linataga mayai mawili juu ya ardhi, yenye rangi ya waridi iliyopauka, bila ya kuweka hata kijiti. Mchana mama ndiye anayelalia, kwa sababu hatikisiki. Usiku baba humpokea zamu. Wakichunguza ndege wa shingo nyekundu nchini Zimbabwe, watafiti waligundua kwamba kutaga kwake kunafuata mwezi. Mayai mengi hutagwa karibu na mwezi mpevu. Sasa tufanye hesabu ambayo kila mwenye kufuata mwandamo anaiweza. Mayai yametagwa tarehe 14 au 15 ya mwezi. Yanalaliwa kama siku 18. Vifaranga wanatoka mwezi mpya ukiwa mwandamo, na wanavyozidi kukua na kutaka chakula, ndivyo mwezi unavyozidi kupanda na kuangaza, na ndivyo wazazi wanavyopata saa nyingi zaidi za kuwinda. Usiku wa giza kirukanjia huwinda jioni na alfajiri tu. Usiku wa mbalamwezi anaweza kuwinda mpaka asubuhi. Ndege huyu anapanga uzazi wake kwa mwezi wa mbinguni, na anapatia.

Ndege wa namna hii tumemlipa nini? Mara nyingi, lawama. Pwani yetu kila kinacholia usiku kimewekwa fungu moja na uchawi, bundi akiwa wa kwanza, na komba naye hakusalimika. Na tusidhani ni sisi peke yetu. Wayunani wa kale waliamini kwamba kirukanjia hunyonya maziwa ya mbuzi usiku. Aristotle aliliandika jambo hilo, na hilo jina la Caprimulgus limebeba tuhuma hiyo mpaka leo. Kumbe ndege alikuwa akifuata wadudu waliofuata mifugo. Alikuwa anamfanyia mchungaji kazi ya bure, na mchungaji anamshitaki.

Hatari za leo zina uzito zaidi kuliko maneno. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 1.3 Zanzibar, ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni 1.9. Watu wanahitaji nyumba, kuni na makonde, na sitasimama mbele ya mtu mwenye watoto nikamwambia asijenge. Lakini kuna ukataji ambao ungeweza kupungua. Vichaka vya maweni vinakwenda kwa kuni na makaa, na vingine vinakwenda kwenye matanuri ya chokaa, ambako jiwe la matumbawe linachomwa juu ya magogo. Chokaa hiyo tunaihitaji. Kuta za Mji Mkongwe hazikubali saruji, na mji huo tangu mwaka 2000 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Basi kila tunapokarabati jumba la Mjini, tupande miti ya kuni shamba kwa kiasi kile kile, tena tuipande kabla ya kukata mingine.

Yuko pia kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa hapa miaka ya 1890, ambaye hakuna yai lililo wazi ardhini analolionea huruma. Kampeni ya miaka ya 1990 iliwapunguza sana, kisha ikalegea, na leo mtu yeyote wa Mjini anajua matokeo yake. Dawa za kuulia wadudu zinazomwagwa mashambani bila ya kipimo nazo zinamnyang'anya kirukanjia chakula, na zinamtia sumu kwa kile kinachobaki.

Lakini lililo rahisi kulitengeneza kuliko yote ni barabara. Kirukanjia aliyekaa kwenye lami, taa kali ikimpiga machoni, hupumbaa, na huruka akiwa amechelewa. Dereva anayekwenda taratibu humpa nafasi ya kuondoka. Anayekwenda kasi humponda bila ya kujua kwamba amekanyaga kitu. Pale Jozani barabara ina matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua, na yalipowekwa vifo vilipungua. Kima hulala usiku, lakini tuta halilali, na usiku linamkinga ndege. Naiomba mamlaka inayohusika, barabara zetu mpya zinapokata vichaka vya mashariki na kusini, ifikirie matuta kama yale katika sehemu zenye kichaka pande zote mbili, na madereva wa gari za watalii wanaokimbilia hotelini usiku wapunguze mwendo hapo hata kabla tuta halijajengwa. Na ukimwona ameganda mbele yako, shusha taa na umpe nukta mbili. Ataondoka mwenyewe.